Mikorosho ya Nyuma ya Goli

Uwanja ule niliufyeka mimi. Nalisema hili mapema, maana wapo wanaosema ulifyekwa na katapila, na wanaosema hivyo hawajawahi kushika jembe pale.

Naitwa Biasha, lakini huku kwetu upande wa Kiegei watu wananiita Mama Raudha. Ni mjane wa Bakary. Bakary alikuwa mtu wa maneno machache na miti mingi. Palipobaki nafasi alipanda mkorosho, na alipokosa nafasi kwake alimwomba kaka yake, Awadhi, ampe pembe ya shamba la ukoo. Akapewa, akapanda mikorosho tisa, ikashika yote.

Kwetu ardhi ni jambo moja na mkorosho ni jambo lingine. Ardhi ni ya ukoo. Mkorosho ni wa aliyeupanda, hata kama aliupanda kwa kaka yake, na akifa unafuata maneno aliyoyaacha. Bakary aliyaacha maneno. Alipoona ugonjwa umemzidi, alimwita Ustadhi Imrani wa madrasa yetu pamoja na huyo huyo Awadhi, baada ya sala ya Ijumaa, akasema miti ile tangu siku hiyo si yake wala ya watoto wake. Ameiweka wakfu. Korosho zake zitengeneze paa la madrasa, zinunue mikeka na misahafu, watoto wasome. Akanionyesha mimi kwa kidole, maana sauti ilikuwa imeanza kukatika, akasema, "Huyu atailea."

Sadaka ya namna hiyo haikatiki kwa kifo. Mti ukizaa na mtoto akasoma, yeye huko aliko anaandikiwa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na hivyo ndivyo ninavyoamini. Kwa hiyo nikisema miti ile, sisemi miti tu. Nasema kazi aliyoniachia mume wangu, ambayo nikiizembea nitakwenda kuulizwa.

Kisha ukaja uwanja wa mpira.

Watu wa Nachingwea walitaka ujengwe kwao, watu wa Ruangwa wakataka kwao, wakavutana mpaka mwisho wakaamua uwe wa pamoja na ujengwe katikati, yaani kwetu, porini. Awadhi akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya uwanja, akatoa shamba la ukoo. Mafundi wa mjini waliona aliyetoa ardhi ametoa na vilivyomo. Awadhi alijua kwamba sivyo. Lakini siku ile kulikuwa na ngoma na pilau, naye alikuwa amevishwa shada la maua shingoni. Mtu aliyevishwa shada hawezi kusema ngojeni kwanza.

Walisimamisha kibao kikubwa chenye picha ya uwanja. Jukwaa lina paa, watu wamejaa, nyasi za kijani kama mpunga. Tukaambiwa msimu ujao wa korosho mpira utachezwa. Wakachimba msingi, wakasimamisha nguzo kadhaa, na hapo ndipo kazi ilipokaa chini.

Mwanzo ilikuwa mvua. Baada ya mvua ikawa saruji haipatikani, halafu saruji ikapatikana lakini nondo zimepanda. Halafu ramani ikabadilishwa, na ramani mpya nayo ikawa na gharama zake. Kwenye kila mkutano uwanja ulipanda bei na kupungua ukubwa. Paa likaondolewa, vyoo vikaondolewa, jukwaa likakatwa nusu, na bado makato ya uwanja, yale tuliyokatwa kila tulipouza korosho zetu, yaliongezwa ili umalizike. Mzee mmoja wa Ruangwa alisema kwenye mkutano kwamba wakiendelea hivyo tutauziwa filimbi tu, kwa bei ya uwanja. Watu wakacheka. Awadhi hakucheka.

Mimi miaka yote hiyo nilikuwa napalilia. Mkorosho usiopaliliwa watu husema hauna mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha kila mtu. Masika ikiisha nachukua jembe, napita kwenye pengo la uzio wa mabati, nasafisha chini ya miti yangu tisa, ambayo ilisimama nyuma ya mahali walipopima kuwa goli. Lakini kupalilia chini ya miti peke yake hakutoshi. Shamba zima walilolitelekeza liliota nyasi ndefu kupita kichwa, na huku kwetu kiangazi ni wakati wa moto. Mtu anachoma shamba lake kule, upepo unageuka, na moto ukishaingia kwenye nyasi zile hauulizi wakfu wala si wakfu. Nikawaalika wanawake wenzangu wa madrasa. Tukapika uji, tukafyeka, tukalima, tukang'oa visiki vidogo, tangu mikorosho mpaka uzio wa upande wa pili. Mwaka uliofuata tukafanya tena. Hatukuwa tunatengeneza uwanja. Tulikuwa tunazuia moto.

Lusia, jirani yangu, naye alikuja ingawa yeye ni Mkristo na madrasa haimhusu. Alisema anakuja kwa ajili ya mabibo. Anajua mabibo ya miti ile siwapi wapika uraka, ile pombe ya mabibo, nakausha au nawapa mbuzi, na kila mwaka ananiomba na kila mwaka nakataa.

"Mbuzi wako ndio wanakwenda peponi, mimi mnaniacha," huniambia.

Vijana walipoona pamekuwa peupe wakaleta miti ya kusimamisha magoli, wakaanza kucheza. Wa Nachingwea wakacheza na wa Ruangwa, wakatukanana, wakapatana. Kwa hiyo uwanja ulikuwepo, usio na jukwaa wala choo, na mpira ukipita juu ya goli ulinaswa na mikorosho ya Bakary.

Mwaka jana, kipupwe kilipoanza na miti imeshatoa maua, tukasikia kuna wakaguzi watakuja kutoka juu kuona kazi imefika wapi. Siku chache kabla yao akatokea Protasi, msimamizi wa mkandarasi, tuliyekuwa tumemsahau sura. Alikuja na vijana wachache, wakapaka nguzo chokaa. Kisha yeye na Awadhi wakaja nyumbani kwangu.

Niliwatandikia mkeka. Awadhi alikaa akawa anauangalia mkeka. Protasi ni mtu mchangamfu, alisifia kuku wangu, alisifia mlango wangu, nikajua jambo lenyewe ni zito. Mwisho akalisema. Kwenye hesabu zao, kufyeka na kusawazisha uwanja kumeandikwa kuwa ni kazi ya mkandarasi, kwa katapila, na ndiyo mojawapo ya sababu za gharama kupanda. Wakaguzi wanaweza kuwauliza wananchi.

"Hatukuombi useme uongo, mama," akasema. "Tunaomba usiseme kitu. Ukiulizwa, wewe ni mtu mzima, hukumbuki."

Nikamwambia nakumbuka.

Hapo Awadhi akainua uso. "Shemeji, kwenye ramani mpya pale kwenye miti ni maegesho ya magari. Protasi anaweza kuyasogeza. Miti ibaki, iwe kivuli cha wageni, na wewe uendelee kuvuna. Nakusaidia. Wakfu wa ndugu yangu nautaka kama wewe."

"Na nikikumbuka?"

"Ramani itabaki ilivyo," Protasi akasema, taratibu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Walipoondoka nilikaa pale pale kwenye mkeka. Nisidanganye, nilitaka kukubali. Nilipanda gari nikaenda Ruangwa kwa binti yangu Raudha, anayeuza vyombo sokoni. Akanisikiliza huku akipanga mabeseni. Akasema kamati ile haitabadilika kwa maneno ya mjane mmoja, makato yatakatwa tu, na katapila litaandikwa tu.

"Mama, baba anafaidika na miti au na maneno yako?" akaniuliza. "Nyamaza, miti ipone. Kunyamaza si dhambi."

Maneno yake yalikuwa na uzito. Niliporudi nikapita kwa Ustadhi Imrani. Yeye aliangalia paa la madrasa, mabati tuliyoyanunua kwa korosho zile, akaangalia watoto, akasema wakfu lazima ulindwe. Nikamuuliza, ulindwe kwa uongo? Akasema yeye hajasema uongo, amesema ulindwe. Nikaona hofu yake ni kama yangu, nikamuaga.

Alfajiri nilipomaliza kusali sikuinuka haraka. Niliwaza hivi. Kama nikinyamaza, korosho za mwaka huu zitakuwa zimelipiwa na ule ukimya wangu. Mtoto atakaa kwenye mkeka ulionunuliwa kwa ukimya, asome kwamba msifiche ushahidi. Na watu wote waliokatwa korosho zao, wengine wajane kama mimi, watakuwa wameilipia miti yangu ibaki. Hiyo haiwi tena sadaka ya Bakary. Bakary alitoa kilicho chake. Hakutoa cha watu. Nikakunja msala wangu, nikachukua jembe, nikaenda kupalilia.

Siku ya wakaguzi walifunga turubai katikati ya uwanja. Wageni walikuja na magari, mkubwa wao mama mmoja mnene mwenye miwani, mpole wa kusema. Alisimama akageuka pande zote. Jukwaa lilimkunjisha uso, lakini uwanja wenyewe ulimfurahisha. Akasema angalau hapa kuna kazi, pamesafishwa vizuri. Protasi akaeleza jinsi katapila lilivyoletwa kutoka mbali, lilivyoharibika njiani, mafuta yalivyopanda. Alieleza vizuri mpaka na mimi nikaanza kulisikia likinguruma.

Yule mama akauliza kama wananchi wana neno. Vijana wa mpira wakaangalia viatu vyao. Awadhi alikuwa akiniangalia mimi. Nikafunga vizuri ushungi wangu, nikasimama.

"Hilo katapila ni mimi," nikasema.

Watu wakaanza kuguna. Nikaendelea kabla sauti haijanikimbia. Nikasema mimi na wenzangu ndio tumefyeka hapa, kila mwaka, kwa majembe, kuzuia moto usiunguze mikorosho ya wakfu ile pale nyuma ya goli. Hatukutumwa na mkandarasi na hatukumdai mtu. Kama kuna gharama ya katapila imepanda, ipande, lakini isipandie migongo yetu. Na nikasema niliahidiwa miti yangu itapona nikinyamaza, na sasa mnaona sijanyamaza.

Protasi akacheka, akamwambia mgeni kwamba bibi amechanganyikiwa, wazee wa huku wanapenda mzaha. Hapo Lusia akainuka kutoka nyuma, na Lusia akiinuka kila mtu anaona.

"Hajachanganyikiwa," akasema. "Yeye ndiye katapila. Mimi ni tairi lake, na lile tairi lingine limekaa pale linanyonyesha."

Turubai zima lilicheka, wa Nachingwea na wa Ruangwa pamoja. Yule aliyekuwa ananyonyesha akasimama na mtoto wake. Kisha wengine. Hata nahodha wa vijana akasema yeye amecheza pale tangu hajaota ndevu na katapila hajaliona. Mama mwenye miwani hakucheka. Aliwaangalia wale wanawake, akamwangalia Protasi, akasema malipo ya kazi hiyo yasimame mpaka ijulikane nani aliifanya. Wakapanda magari yao, wakaondoka bila kula.

Jioni ile watu walinipa mikono kama nimetoka Hija. Nikawaambia ngojeni.

Siku ya pili nilikwenda Nachingwea kuchukua salfa, maana maua usipoyapulizia yanaingia ubwiri unga na hupati kitu. Nilirudi na bodaboda, mfuko wa salfa nimeupakata. Kabla hatujafika niliona mbingu mahali ambapo sijawahi kuiona. Miti yote tisa ilikuwa chini. Maua yake bado mabichi, nyuki bado wanayazunguka, na msumeno wa mashine bado unatoa moshi. Protasi alikuwa amesimama pembeni.

Nikashuka. Nikaweka mfuko chini. Nikasema innalillahi, kama ninavyosema kwa mtu.

"Bibi, mimi natumwa tu," Protasi akasema. Siku hiyo hakuwa mchangamfu.

"Najua umetumwa. Na mimi nimetumwa."

Wanawake walikuwa wameanza kufika, na majembe yao, na sura zao zilikuwa mbaya. Lusia alikuwa ameshavua kanga ya juu akajifunga kiunoni. Nikawazuia. Tukimgusa mtu, kesho habari itakuwa ni sisi, si uwanja. Nikawaambia vijana wenye msumeno kwamba kuni zile nazo ni wakfu kama korosho zake, haziwi za mkandarasi, na sitaki kijiti kipotee. Wapakie kwenye gari lao wapeleke madrasa. Walimtazama Protasi. Protasi akatazama majembe, akaitikia kwa kichwa wapakie. Wakapakia mpaka jua linataka kuzama, sisi tumesimama tu.

Halafu Lusia akaenda kwenye kisiki cha kwanza. Akakaa juu yake, akapapasa pembeni kwa kiganja. Visiki vilikuwa vimebaki urefu wa goti. Kung'oa kabisa kunataka katapila la kweli, na katapila la kweli halikuwepo, na sasa hata malipo ya lile la uongo yalikuwa yamesimamishwa.

"Mama Raudha," akasema, "hawa hawajaua kitu. Hawa wamepogoa."

Kila mkulima wa huku anajua mkorosho mzee hukatwa hivyo makusudi, uchipue, kisha machipukizi yabebeshwe vikonyo, yaani yaungwe na vijiti vilivyokatwa kwenye mkorosho mzuri na kufungwa nailoni mpaka vishikane. Mimi mwenyewe nilikuwa najua. Lakini siku ile uchungu ulinifunika, nisingekumbuka kama si yeye.

Mkandarasi akaondoka na vijana wake. Kazi ikalala tena. Tuliambiwa gharama zinapitiwa upya, na zilipopitiwa upya zikawa zimepanda. Mimi nikaendelea kupalilia, visiki badala ya miti, na watu waliopita barabarani wakanicheka. Bibi anapalilia makaburi, walisema. Raudha alikuja kutoka Ruangwa kunichukua nikapumzike kwake. Alisimama pale uwanjani, akaona machipukizi mekundu yameanza kutokeza kwenye gome, akavua viatu, akachukua jembe la pili. Habari ya kupumzika hakuirudia.

Machipukizi yalipokomaa tukayapunguza, tukaacha yenye nguvu. Lusia ndiye mwenye mkono wa kubebesha. Alikata vikonyo kwenye mikorosho yake mwenyewe, ile anayoringia, bila kunidai, akasema siku ikizaa nimfikirie suala la mabibo. Nikamwambia hapana. Akasema haidhuru, ataniuliza tena.

Tulikuwa tumefika kisiki cha mwisho, Lusia ameshika kisu na mimi nafunga nailoni, Awadhi alipokuja. Alikuwa peke yake. Siku nyingi alikuwa ananikwepa hata njiani kwenda msikitini. Alisimama akaangalia vile vijiti vilivyofungwa nailoni, kisha akaangalia nguzo za jukwaa. Chokaa ilikuwa imeshanyeshewa, nondo zimeshika kutu.

"Shemeji," akasema, "hapa kwenye ramani ni maegesho ya magari."

"Najua."

"Hii ikikua watakuja kuikata tena."

"Wakikata, itachipua. Mimi nikifa, Raudha anajua kufunga nailoni."

Nikamaliza kufunga, nikakata mwisho wa nailoni kwa meno. Kikonyo kilichobebeshwa kinaanza kuzaa baada ya misimu michache tu, mbele ya macho yako. Uwanja ule tuliambiwa msimu ujao, na misimu imepita sijui mingapi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi na magari.

"Yakija, shemeji, yataegesha kivulini."

Lusia akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Awadhi hakucheka, lakini hakuondoka. Aliinama akakiokota, akakifuta kwenye kanzu yake, akamrudishia. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, iwapo kisiki kinataka maji.

Nikampa ndoo.